Sakafu ya msitu: shajara ya mradi wa kwale, Kilolo, Iringa

3 Juni

Leo kamati ya maliasili ya kijiji imekaa kikao cha kwanza cha mradi. Tulikuwa kumi na mmoja. Baridi ya mwezi wa sita mnaijua, tulikaa na makoti na jiko la mkaa katikati ya ofisi. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo shajara hii nitaiandika mwenyewe mpaka mwisho.

Kazi tuliyojipa ni kujua kwale wetu wanahitaji nini ili wabaki, halafu tuwaachie hicho wanachohitaji. Maeneo yetu ni mawili. Kwanza msitu wa kijiji, kipande cha vichaka na miti ya asili kilichobaki kati ya mashamba ya mahindi na viazi na ukingo wa msitu mkubwa. Pili, msitu mkubwa wenyewe, Nyumbanitu, uliomo katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Kilombero iliyotangazwa mwaka 2007. (Msiuchanganye na Nyumbanitu ya Njombe, msitu wa matambiko unaosifika kwa kuku weusi.) Huku kwetu ndani hatuingii tunavyotaka, tunaongozana na askari wa misitu, kwa taratibu za usimamizi shirikishi.

Nilikwenda kikaoni na mpango tayari, na niuandike hapa ulivyokuwa. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma habari za grausi, ndege wa ukoo mmoja na kwale wanaoishi nchi za baridi. Yule wa misitu ya Marekani na Kanada amechunguzwa kuliko ndege wengi wa msituni. Dume husimama juu ya gogo lililoanguka na kupiga mabawa hewani, mlio ukaanza polepole kisha ukakazana kama injini inayowashwa. Anapenda msitu mchanga, wenye miti myembamba iliyosongamana kiasi kwamba mwewe hawezi kupenya. Majira ya theluji hula machipukizi ya mti uitwao aspeni. Vifaranga wiki za mwanzo huishi kwa wadudu. Mtafiti Gordon Gullion, aliyefanya kazi miaka mingi huko Minnesota, alionyesha kwamba ukikata aspeni kwa vipande vidogo, kipande kimoja leo, kingine baada ya miaka kumi hivi, ndege huyu anapata miti ya kila umri karibu karibu: pa kulelea vifaranga, pa kujificha, na pa kula.

Basi nikapendekeza nasi tukate milia katika msitu wa kijiji, kichipuke kichaka kipya. Wajumbe wakakubali. Mzee mmoja tu aliinua mkono na kuuliza, "Katibu, kwale gani?" Nikajibu kwale wote. Akanyamaza.

11 Juni

Nimekwenda kumwona huyo mzee nyumbani kwake. Nilipiga hodi, "Kamwene, babu," akanikaribisha kwenye kigoda jikoni, motoni. Ujana wake alikuwa mtegaji, na hakuficha. Alisema swali lake la kikaoni lilikuwa na maana, ila hakutaka kunikatiza mbele ya watu.

Kwa hesabu yake, kijiji hiki kina ndege watatu ambao watu wa mjini huwaita kwale au kanga kwa jumla. Kuna kereng'ende, yule mwenye shingo nyekundu isiyo na manyoya, anayelia alfajiri pembezoni mwa mashamba. Huyo anataka nyasi ndefu, kichaka karibu, na shamba la kuokota punje. Kuna kororo, yule kama kanga mweusi mwenye kishungi cha manyoya kichwani. Yeye hukaa msituni, na ukitaka kumpata tafuta kima wanapokula juu mtini, kororo watakuwa chini wakiokota yanayoanguka. "Na wa tatu ni wa ndani kabisa. Huyo mwanangu ukimkatia miti umemfukuza."

Wa tatu ndiye dunia inamwita kwale wa Udzungwa, kwa jina la milima yetu hii. Hadithi yake nimeisikia tangu utoto na imeandikwa pia. Mwaka 1991 watafiti wa ndege kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi huku milimani, wakaona kwenye sufuria ya kitoweo miguu ya ndege wasiyemfahamu. Wakamfuatilia akiwa hai. Mwaka 1994 alielezwa kisayansi, akapewa si jina la spishi mpya tu, hata jenasi yake ilikuwa mpya: Xenoperdix. Ndugu zake wa karibu wako Asia, kwale wa milimani wa huko. Baadaye ndege wa namna yake walipatikana pia milima ya Rubeho. Zaidi ya hapo hayupo popote. Babu alipoyasikia haya ya Asia alikaa kimya muda, kisha akasema, "Kumbe tulikuwa tunakula mgeni."

Nimerudi nyumbani nikausoma upya mpango wangu wa kukata milia. Sijalala vizuri.

14 Juni, kambini

Siku ya tatu ndani ya Nyumbanitu, askari wawili, babu, vijana wawili na mimi. Tumeona kwale wa Udzungwa leo saa tatu na nusu asubuhi.

Naandika kwa utaratibu kwa sababu nataka nikumbuke. Tulikuwa kwenye mgongo wa mlima, mahali ambapo miti mikubwa imefunga juu na chini kuna nafasi, unaweza kuona hatua ishirini mbele bila kukata kitu. Babu akashika bega langu. Nikasikia kwanza majani: chaka, chaka, chaka, kama kuku nyuma ya nyumba. Halafu wakatokea, watano, wakitembea kwa kufuatana. Uso rangi ya kutu, mdomo mwekundu, miguu ya njano, kifua cha kijivu chenye madoa meusi. Mmoja anachakura, anarudi nyuma hatua moja, anadona, anasogea. Walikuwa wakiitana kwa sauti nyembamba ndogo, ya kuambiana tu kwamba tupo. Wakapita mbele yetu bila haraka na kuingia bondeni.

Walipokwisha kupita tulipiga magoti mahali walipochakura. Tandazo la majani lilikuwa na kina cha kiganja changu. Juu makavu, katikati yenye unyevu, chini yake udongo mweusi unaonuka mvua. Ndani yake mbawakawa wadogo, sisimizi, jongoo, mbegu. Hicho ndicho chakula chao, wadudu na mbegu za sakafuni. Usiku hupanda mtini kulala.

Babu alinionyesha kitu ambacho hakuna kitabu nilichosoma kilikuwa nacho: namna ya kutofautisha mchakuro wa kwale na wa kororo. Kororo ni wazito na wengi, wanageuza sakafu yote kama shamba lililolimwa. Kwale wanaacha viduara vidogo vilivyotengana, majani yamesukumwa upande mmoja, na mchakuro mmoja hauvuki upana wa sahani. Nimepima kumi na mbili kwa rula.

Sasa nimeelewa. Yule grausi wa Amerika anaishi kwa ujana wa miti. Huyu wetu anaishi kwa uzee wake, kwa sababu tandazo la namna hii halijengwi na kichaka cha miaka mitano. Linahitaji kivuli kinachoshikilia unyevu mwaka mzima na miti inayodondosha majani kila siku.

28 Juni

Kikao. Nimesimama na kuomba mpango wa milia ufutwe, nikaeleza kwa nini nimekosea. Kijana mmoja alikasirika, kwa haki kabisa, kwa kuwa alishaahidiwa vibarua vya kukata na alitegemea fedha hiyo. Tumekubaliana vibarua vyake vihamie kwenye njia za kuzuia moto, zitakazohitaji mikono mwezi wa nane.

6 Julai

Kuhesabu. Kwa grausi wa Amerika wana njia nyepesi ya kuvutia: majira ya kuchipua mtu anaendesha gari njia maalumu, anasimama vituo kumi, kila kituo anasikiliza kwa dakika nne na kuhesabu milio ya mabawa. Mwaka hadi mwaka njia ile ile. Ndiyo maana wanajua idadi ya ndege huyo hupanda na kushuka kwa mizunguko ya miaka kumi hivi, na hawashtuki ikishuka.

Wetu hapigi mabawa juu ya gogo. Tumeweka mistari minne ya kilomita moja moja, miwili kwenye migongo ya milima na miwili mabondeni, tunatembea polepole kuanzia saa moja na nusu asubuhi. Siku ya kwanza: sifuri. Siku ya pili: sifuri. Ukungu ulikuwa umekaa mpaka saa nne na matone ya miti yalifunika kila sauti.

Siku ya tatu tumebadili. Kila mita hamsini tunasimama, tunakagua duara la mita tano, tunaandika: mchakuro mpya upo au haupo, kina cha majani kwa sentimita, kivuli kimefunga au kiko wazi. Mchakuro mpya unaujua kwa majani ya chini yaliyo bado na maji upande wa juu. Kwa njia hii hatusemi ndege ni wangapi. Tunasema wanatumia wapi, na hilo linatutosha kwa mwaka wa kwanza. Migongo ya milima ina michakuro mingi kuliko mabonde. Mstari wa nne, ulio karibu kabisa na kijiji, hauna hata mmoja, ingawa kina cha majani ni kile kile na kivuli ni kile kile.

Jambo hilo limenikaa rohoni. Msitu mzima, sakafu nzuri, na hakuna anayechakura.

19 Julai

Tumepata jibu la mstari wa nne.

Mita mia mbili juu ya mstari kuna uzio. Ukipita haraka utadhani ni matawi yaliyoanguka. Ni matawi yaliyopangwa, kimo cha goti, yanashuka na mteremko kutoka kwenye mgongo hadi kijitoni. Kila hatua tatu au nne kuna uwazi mdogo, kama mlango wa kuku, na kwenye kila mlango kitanzi. Vingine vya waya wa breki za baiskeli uliofumuliwa nyuzi, vingine vya kamba ya mti. Fimbo iliyopindwa inashikiliwa na kijiti. Ndege akikanyaga, fimbo inafyatuka.

Tumeng'oa arobaini na moja. Tumekuta mabaki ya paa mdogo, manyoya ya kororo, na kwenye mlango mmoja miguu miwili ya njano.

Babu alikaa chini kwenye gogo. Alieleza kwa sauti ya chini jinsi uzio unavyofanya kazi, na naandika maneno yake kwa sababu ni elimu kamili ya ndege huyu. Kwale wa ndani hapendi kuruka. Akikuta kizuizi haruki juu yake, anatembea kando yake akitafuta pa kupenya. Na kwa kuwa hutembea familia nzima kwa kufuatana, wa kwanza akinaswa wengine hawaendi mbali, wanazunguka wakiita, wanaingia milango ya jirani. "Asubuhi moja unaweza kumaliza ukoo," alisema.

Nilikumbuka habari ya grausi mkubwa wa Uskoti, ndege wa misitu ya misonobari. Alitoweka huko karne ya 18, akarudishwa mwaka 1837 kwa ndege walioletwa kutoka Sweden, na sasa tena ni wachache mno. Moja ya vitu vinavyomwua ni nyua za waya za kuzuia kulungu wasile miche: ndege anaruka chini chini kwenye mwanga hafifu na kujigonga. Huko watu wanang'oa nyua hizo au kuzitia alama azione. Nyua zile zilijengwa kulinda msitu. Huu wetu umejengwa kwa kusudi moja tu.

Askari walitaka tusubiri usiku wamkamate mwenye mitego. Ni kazi yao na sheria iko wazi. Mimi niliomba tuondoe kwanza kila kitanzi, maana kila saa kikibaki kinaendelea kuua hata mwenyewe asiporudi. Waya wa breki hauozi.

2 Agosti

Nimezungumza na akina mama wa kitongoji cha juu, nyumba kwa nyumba, nikifuatana na mama mwenyekiti wa kikundi chao cha kuweka na kukopa. Sikuuliza nani anatega. Niliuliza mboga wanapata wapi miezi hii.

Jibu limerudi lile lile kila nyumba: kuku walikufa. Mdondo ulipita, ukabeba karibu wote. Mama mmoja alikuwa na kuku ishirini na tatu, amebaki na jogoo na tetea wawili. Ndipo waume na vijana wakaingia msituni.

Mdondo una chanjo. Ile ya I-2 inavumilia joto kuliko zile za zamani, inatiwa tone moja jichoni, na inarudiwa kila miezi mitatu au minne. Bei yake kwa kuku mmoja ni ndogo sana, shida ni kwamba chupa moja ni ya kuku wengi na mtu mwenye kuku watano hawezi kuinunua peke yake. Mama mwenyekiti alilimaliza jambo hili palepale kwa kichwa chake: kitongoji chote kichanjwe siku moja, kila nyumba ichangie kwa idadi ya kuku wake.

Nimeandika kwenye bajeti ya mradi wa kwale: chanjo ya kuku. Kuna mjumbe aliyesema tumepotoka. Naamini hili ndilo jambo la maana kuliko yote tuliyofanya mpaka leo, na nitalitetea katika kila kikao.

24 Agosti

Chanjo imefanyika. Kuku mia tatu na kitu, asubuhi moja, kabla hawajafunguliwa bandani. Njia ya moto upande wa mashariki imefyekwa, mita sita upana. Yule kijana ndiye msimamizi.

17 Septemba

Jana moto kichaa ulitoka kwenye shamba la mtu aliyekuwa akisafisha kinyungu, bustani ya bondeni, upepo ukaubeba. Ulifika kwenye njia yetu saa tisa alasiri. Tuliupigana kwa matawi mabichi mpaka giza, watu zaidi ya sitini, wanafunzi nao. Uliruka sehemu moja tu na kuingia msitu wa kijiji, ukala kama robo eka.

Leo asubuhi nimekwenda kuona hiyo robo eka. Miti imesimama. Mtu akipita barabarani atasema hakuna kilichoharibika. Lakini sakafu ni jivu, nimeingiza rula na imegonga udongo. Majani, wadudu, mbegu, vyote vimekwenda. Nimepiga picha na nitaipeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji, iwekwe karibu na ile ya Nyumbanitu, miti ile ile, sakafu mbili.

Jambo jingine nimeliona nikirudi. Mahali nyasi za nje ya njia ziliungua vipande vipande, kereng'ende walikuwa wametoka, jozi tatu, wakiokota kwenye jivu hatua chache kutoka kwenye nyasi ambazo hazikuungua. Hapo ndipo somo la vipande vidogo linapotufaa. Kereng'ende anaishi kwenye mpaka wa kula na kujificha. Ukiteketeza kilima chote kwa siku moja unampa pa kula na kumnyang'anya pa kukimbilia, na kama ana mayai chini umeyaunguza. Tukikubaliana kitongoji kisichome nyasi zote wala kupumzisha mashamba yote kwa wakati mmoja, bali kwa zamu, kipande mwaka huu na kingine mwaka ujao, atapata kila umri wa nyasi karibu karibu. Hii haihitaji kukata mti hata mmoja. Nimeiandikia pendekezo la sheria ndogo ya kijiji.

9 Oktoba

Fedha za awamu ya pili zilizoahidiwa na mfadhili hazijafika na barua zetu hazijibiwi. Doria zimepungua kutoka nne kwa mwezi hadi mbili. Askari wa misitu wametupa unga na sukari kutoka mgao wao wa kambi. Nashukuru sana.

15 Novemba

Mvua za kwanza zimenyesha siku nne mfululizo. Tumerudia mistari yote minne.

Mistari ya mgongo iko kama Julai. Mabonde yameongezeka kidogo, na babu anasema ni kawaida, udongo ukilowa ndege hushuka. Mstari wa nne, vituo ishirini na moja, tumekagua vyote wawili wawili ili jicho moja lisikosee. Kituo cha 17 na cha 18 vina michakuro. Viduara vidogo vimetengana, majani yamesukumwa upande mmoja, ya chini bado yana maji. Nimepima: sentimita kumi na tisa, kumi na saba, ishirini. Si kororo.

Sitaandika kwamba kwale wamerudi. Vituo viwili katika msimu mmoja vinaweza kuwa familia moja inayopita, au mvua iliyowashusha tu. Tukivikuta Februari na tena Juni, hapo nitaandika vingine.

Tulipanda mpaka kwenye uzio wa zamani. Matawi yameanza kuoza na milango miwili imeziba kwa majani. Hakuna kitanzi kipya. Vijana walitaka kuyachoma matawi, babu akawakataza, akasema wayatawanye tu yaoze hapo hapo, kwa mbawakawa. Tuliyatawanya mpaka saa nane, tukashuka.

Kazi za wiki ijayo: chanjo ya pili ya kuku ni tarehe 24, mama mwenyekiti ameshakusanya michango ya nyumba thelathini na moja. Rula mpya inahitajika, ya zamani imevunjika kituo cha 20. Pendekezo la zamu za kuchoma nyasi linakwenda mkutano mkuu wa Desemba. Babu ameomba awafundishe vijana wanne kusoma michakuro kabla miguu yake haijakataa mlima, na tumepanga aanze nao Jumanne, mstari wa nne, saa moja na nusu asubuhi.